MKIMBIZI HUWA MWENYEJI LINI?

Watafiti waliofuatana na wakimbizi kwa miaka mingi watueleza

Wahenga walituusia kwamba mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe. Usia huo ulitungwa kwa ajili ya mgeni aliyekuja kwa hiari yake, ajuaye siku atakayofunga mzigo wake na kurejea kwao. Mkimbizi si mgeni wa namna hiyo. Yeye hakualikwa wala hakuaga; ameondoka usiku na mtoto mgongoni, na siku ya kurudi haijui. Basi siku yake ya tatu ni ipi? Na jembe atakalopewa atalilimia shamba la nani?

Swali hili si la wanavyuoni peke yao. Askari alindaye mpaka ndiye mtu wa kwanza wa nchi mpya ambaye mkimbizi hukutana naye. Polisi wa kituo cha wilaya ndiye amwulizaye kibali chake njiani. Mke wa askari huchota maji katika kisima kimoja na mke wa mkimbizi, na watoto wao huketi dawati moja. Kwa hiyo inatupasa kujua, kwa ushahidi, ni mambo gani yamfanyayo mtu aliyefika mikono mitupu awe jirani mwema, na ni mambo gani yamfanyayo abaki mgeni hata baada ya kuzaa na kujukuu katika nchi ile ile.

KWA NINI WATAFITI HUNGOJA

Kuwahesabu wakimbizi siku wanapovuka mpaka ni kazi ya daftari na kalamu. Hesabu hiyo yafaa kwa kugawa unga, mablanketi na dawa, lakini haisemi lolote juu ya mtoto atakayezaliwa miaka kumi baadaye, wala juu ya kijana atakayetoroka makazi kwenda kutafuta kazi mjini. Mambo hayo huonekana kwa kungoja tu.

Watafiti wa mambo haya hutumia njia mbili. Ya kwanza ni kuchagua watu, kuwahoji, kuyaandika majibu yao, kisha kurudi baada ya miaka kuwahoji watu wale wale. Maswali si kitu kigumu. Ugumu uko katika kuwapata tena watu. Mmoja amehama, mwingine ameolewa mbali, mwingine amefariki, na mwingine amebadili jina. Mkoani Kagera, Tanzania, uchunguzi mmoja wa namna hiyo ulianza mwaka 1991 kwa ushirikiano wa Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kaya zaidi ya 900 zilihojiwa kati ya mwaka 1991 na 1994. Wahojaji waliporejea mwaka 2004, watu wa kaya zile walikuwa wametawanyika kama mbegu, wakawa sasa ni kaya zaidi ya 2,700, nyingine zikiwa nje ya mkoa na hata nje ya nchi. Waliporudi mwaka 2010 walizikuta kaya zaidi ya 3,300. Kila moja ilibidi itafutwe kwa kuuliza majirani na jamaa.

Njia ya pili ni ya mtafiti kwenda kukaa na watu kwa muda mrefu, akila wanachokula na kusikiliza wanayozungumza. Baada ya miaka huja mtafiti mwingine, na baadaye mwingine tena. Habari zao zikiunganishwa, tunapata historia ya watu hao tangu walipofika hadi wajukuu zao walipokua. Ndiyo njia iliyotupatia maarifa mengi kuhusu Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972.

KUTOKA BURUNDI HADI MISHAMO

Mwishoni mwa Aprili 1972 uasi ulizuka kusini mwa Burundi. Serikali ya wakati ule ikajibu kwa mauaji yaliyowalenga hasa Wahutu wenye elimu: walimu, wanafunzi, makarani, askari na wachungaji. Inakadiriwa kwamba watu waliouawa hawakupungua 100,000. Watu wapatao 150,000 walikimbilia nchi za jirani, wengi wao Tanzania.

Tanzania haikuwaacha mpakani. Wakimbizi walipakiwa katika malori na kupelekwa ndani ya nchi, katika misitu ya miombo yenye wanyama wakali na mbung'o, mahali ambapo wenyeji walikuwa wachache. Makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, yalifunguliwa mwaka 1972, na ya Katumba, katika mkoa ambao siku hizi unaitwa Katavi, yakafuata mwaka 1973. Ulyankulu ilipojaa watu kupita kiasi na maji kuwa haba, makazi ya tatu yalifunguliwa Mishamo mwishoni mwa miaka ya 1970. Kazi hiyo ilifanywa kwa pamoja na Serikali ya Tanzania, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, na shirika la Kikristo la huduma kwa wakimbizi lililokuwa chini ya Walutheri.

Kila jamaa ilipewa shamba, mbegu, jembe na chakula cha kuanzia. Watu walikata miti, wakachoma visiki, wakajenga. Haikupita miaka mingi wakaacha kupokea chakula cha msaada, nao wakaanza kuwauzia wengine mahindi, maharage, mihogo na tumbaku. Kufikia mwaka 1985 makazi yote matatu yalikuwa yamekwisha kukabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania. Ulimwengu uliona. Mwaka 1983 Mwalimu Julius Nyerere alitunukiwa nishani ya Nansen, ambayo ni heshima kubwa kuliko zote itolewayo kwa ajili ya kuwahudumia wakimbizi.

Mtu akipima kwa magunia ya mahindi, kazi ilikuwa imekwisha. Wakimbizi walikuwa wanajilisha wenyewe. Lakini je, walikuwa wamekuwa wenyeji?

MAKAZI NA MJI

Mwaka 1985 alifika Tanzania Bibi Liisa Malkki, mtaalamu wa elimu ya jamii za watu, mzaliwa wa Finland. Alikaa mwaka mzima, sehemu Mishamo na sehemu katika mji wa Kigoma, ambako Warundi wengine wa mwaka ule ule wa 1972 walikuwa wameingia na kukaa bila kupelekwa makazini. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1995, na mpaka leo husomwa katika vyuo vingi, kwa sababu alichokiona hakikutazamiwa.

Watu wa Mishamo, ambao walipewa ardhi, shule na zahanati, hawakujiona kuwa wenyeji hata kidogo. Walijiita watu waliofukuzwa katika nchi yao. Jioni walisimuliana historia ya taifa lao tangu kale, habari za mauaji, na habari za siku watakayorejea. Hali ya ukimbizi kwao haikuwa aibu. Ilikuwa kama cheo cha kulindwa, kwa kuwa mtu akiacha kuwa mkimbizi atakuwa amepoteza haki ya kurudi kwao. Hata mafanikio ya kilimo hayakuwaondolea fikira hiyo. Walikuwa wamekusanywa mahali pamoja, wametengwa na wananchi wengine, na kutoka kwao kulihitaji kibali. Katika hali hiyo mtu hukumbuka kila siku kwamba yeye ni nani.

Watu wa Kigoma mjini walikuwa tofauti kabisa. Walikuwa maskini, bila msaada wowote, wakiuza samaki, wakibeba mizigo, wakifanya vibarua. Lakini Kiha, lugha ya wenyeji wa huko, na Kirundi ni lugha za karibu sana, na Kiswahili walikijua haraka. Mtu aliweza kujitambulisha leo kuwa Muha, kesho kuwa mtoto wa Mrundi aliyehamia zamani za ukoloni. Walioana na wenyeji, wengine walisilimu. Hawakupenda kuitwa wakimbizi. Kwao historia ndefu ya taifa haikuwa na nafasi kubwa katika mazungumzo. Waliangalia mkate wa siku ile na shule ya mtoto.

Somo hapa si kwamba mji ni mwema na makazi ni mabaya. Wa mjini waliishi kwa hofu ya kukamatwa, na wa makazini walipata shule na tiba. Somo ni kwamba kujitegemea kwa chakula na kuwa mwenyeji ni mambo mawili mbalimbali. Mtu aweza kushiba na akabaki mgeni.

VIJANA WA CHEREHANI

Miaka michache baadaye, kati ya mwaka 1990 na 1992, mtafiti wa Kimarekani Marc Sommers alifuatana na vijana waliokulia katika makazi hayo. Hawa hawakuyaona mauaji ya mwaka 1972 kwa macho yao, au waliyaona wakiwa wachanga. Walikuwa wametoroka makazini bila ruhusa na kwenda Dar es Salaam kushona nguo. Kitabu chake juu ya maisha yao kilitoka mwaka 2001.

Vijana hao walifanya kazi katika vibanda vya ushonaji, wengine wakilala humo humo chini ya meza. Walisali katika makanisa ya Kipentekoste, nayo makanisa ndiyo yaliyowaunganisha na mafundi waliotangulia. Walijiita watu wa Kigoma. Walijifunza Kiswahili cha mjini, namna ya kutembea na namna ya kucheka, ili wasitambulike. Waliishi kwa hofu iliyorithiwa: wazazi wao waliwafundisha kwamba adui yuko kila mahali, nao hawakujua kama yule fundi wa pembeni ni rafiki au ni mpelelezi.

Jambo hilo lastahili kufikiriwa na kila mzazi. Hofu haifi pamoja na mtu aliyeiona. Hupita katika hadithi za jioni na katika makatazo ya mama hadi kwa mtoto ambaye hakuuona moto wenyewe. Kijana aliyezaliwa Katumba, akasoma kwa Kiswahili, akaimba wimbo wa taifa la Tanzania kila asubuhi shuleni, alilazimika kuficha alikozaliwa kana kwamba ameiba.

HATI ILIYOCHELEWA

Mwaka 2007 Tanzania, Burundi na Shirika la Wakimbizi zilikubaliana kulimaliza jambo hili. Wakimbizi wa mwaka 1972 na uzao wao walihesabiwa, wakawa wapatao 218,000. Kila mmoja aliulizwa: je, wataka kurudi Burundi au wataka uraia wa Tanzania? Watu wanne katika kila watano walichagua Tanzania. Si ajabu, kwa kuwa sehemu kubwa yao walizaliwa hapo na Burundi waliijua kwa masimulizi tu. Ilikuwa ni nadra duniani kwa nchi kuwapa uraia wakimbizi wengi namna hiyo kwa mara moja, ingawa Tanzania ilikwisha kuonyesha mfano mwaka 1980 ilipowapa uraia Wanyarwanda wapatao 36,000.

Kufikia mwaka 2010 maombi ya watu wapatao 162,000 yalikuwa yamekubaliwa. Lakini hati hazikutolewa papo hapo. Mpango ulikuwa kwamba raia hao wapya wahamishwe kutoka makazini na kutawanywa katika mikoa mingine, ili wachanganyike na wananchi. Wilaya nyingine zilisita kuwapokea, fedha za kuhama zilikuwa pungufu, na watu wenyewe waliogopa kuacha mashamba waliyoyafyeka kwa mikono yao na makaburi ya wazee wao. Ikawa kwa miaka kadhaa hawakuwa wakimbizi tena, wala hawakuwa na karatasi ya kuthibitisha uraia. Watafiti waliowatembelea wakati huo waliwakuta watu wasiojua kama wapande mazao ya kudumu au wasipande, kama wajenge kwa matofali au waezeke kwa nyasi tu. Hatimaye mpango wa kuwahamisha uliachwa, na mwezi Oktoba 2014 hati zilianza kugawiwa. Ilikuwa imepita miaka 42 tangu walipovuka mpaka.

Na waliochagua kurudi je? Watu zaidi ya 50,000 walirejea Burundi katika miaka ya 2008 na 2009. Wengi walikuta mashamba yao yakilimwa na wengine, na sheria ya Burundi ilimtambua aliyekalia ardhi kwa miaka 30. Watoto wao walijua Kiswahili, hali shule za huko zilifundisha kwa Kirundi na Kifaransa. Majirani waliwaita Watanzania. Hivyo waliojiona wageni kwa miaka mingi ugenini, walipofika kwao walionekana wageni tena. Machafuko mapya yalipozuka Burundi mwaka 2015, miongoni mwa waliokimbilia Tanzania walikuwamo watu waliokuwa wakikimbia kwa mara ya pili au ya tatu katika maisha yao.

MIAKA KUMI YA VANCOUVER

Tuiache Afrika kidogo tuone nchi ya mbali, maana ndiko ulikofanyika mmoja wa uchunguzi mashuhuri wa kuwafuatilia watu wale wale. Katika miaka ya 1979 na 1980 Kanada iliwapokea wakimbizi wapatao 60,000 kutoka Vietnam, Laos na Kambodia, wengi wao wakiwa wamekimbia baharini kwa mashua. Profesa Morton Beiser, daktari wa magonjwa ya akili, na wenzake walianza mwaka 1981 kuwahoji wakimbizi 1,348 katika mji wa Vancouver. Waliwahoji tena baada ya miaka miwili, na tena baada ya miaka kumi.

Jambo la kwanza walilogundua lilihusu wakati. Mtu angedhani kwamba siku za kwanza ndizo mbaya kuliko zote. Sivyo. Mkimbizi afikapo huwa na shukrani na matumaini. Hatari ya huzuni nzito, ile iwezayo kumlaza mtu kitandani asitake kula wala kusema, ilizidi karibu na mwisho wa mwaka wa kwanza, pale matumaini yalipokutana na ukweli wa nchi ngeni. Waliokuwa peke yao, bila mume au mke na bila jamii ya watu wa lugha yao, ndio walioumia zaidi.

La pili lilihusu lugha. Katika miaka miwili ya mwanzo, kujua au kutojua Kiingereza hakukuonyesha tofauti kubwa katika kazi wala katika afya ya akili, kwa kuwa kazi za mwanzo zilikuwa za mikono. Lakini baada ya miaka kumi tofauti ilikuwa dhahiri, hasa kwa wanawake na kwa wale ambao hawakuingia kazini mapema. Mama aliyebaki nyumbani kuwalea watoto huku wenzake wakihudhuria masomo, alijikuta baada ya muongo mmoja amezungukwa na watu asioweza kusema nao. Kama watafiti wangefunga madaftari yao baada ya miaka miwili, wangetangaza kwamba lugha si kitu.

La tatu lilihusu wafadhili. Kanada iliruhusu kikundi cha raia au kanisa kumdhamini mkimbizi kwa mwaka mmoja, kumtafutia nyumba, kumpeleka hospitali, kumfundisha kupanda basi. Baada ya miaka kumi, waliodhaminiwa na raia walikuwa mbele katika lugha na kazi kuliko waliotunzwa na serikali peke yake. Hata hivyo palikuwa na tatizo: pale ambapo dini ya mdhamini na ya mkimbizi zilikuwa mbalimbali, mkimbizi mara nyingi alijiona amefungwa na deni la shukrani, kana kwamba lazima aingie dini ya aliyemlisha, na huzuni yake ilizidi. Wema wenye kudai malipo ya moyo huuma.

La nne lilihusu kumbukumbu. Katika miaka ya mwanzo wengi walijikinga kwa kutoyakumbuka yaliyopita. Walitazama leo na kesho. Lakini yaliyopita hayafutiki, hurudi polepole miaka inavyokwenda. Waliokuwa na ndoa imara na kazi ya kudumu ndio waliyapokea bila kuanguka.

WENYEJI NAO WAKO

Uchunguzi wa Kagera tulioutaja ulikuwa umeanza kwa sababu nyingine, lakini bahati iliufanya uwe shahidi wa jambo kubwa. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja tu na usiku wake. Kwa kuwa hali ya wenyeji kabla ya tukio hilo ilikuwa imekwisha kuandikwa, watafiti waliweza kuilinganisha na hali ya baadaye.

Majibu hayakuwa ya upande mmoja. Bei za vyakula ambavyo havikuwamo katika mgao wa msaada, kama vile ndizi, zilipanda. Mkulima mwenye ndizi za kuuza alinufaika, na mtu wa mjini anunuaye kila kitu aliumia. Watoto wadogo wa wenyeji walioishi karibu na makambi walipatwa na maradhi zaidi, na ukuaji wao ulidhoofika. Kwa upande mwingine, barabara zilizotengenezwa kwa ajili ya malori ya msaada zilibaki baada ya wakimbizi kuondoka, na miaka mingi baadaye kaya zilizokuwa karibu na makambi zilionekana kunufaika kwa sababu ya barabara hizo. Basi asemaye kwamba wakimbizi ni hasara tupu, na asemaye kwamba ni neema tupu, wote wawili wameangalia upande mmoja wa shilingi.

NASI TULIKIMBIA

Hapa kwetu Uganda mambo haya si ya kusoma vitabuni tu. Baada ya vita vya mwaka 1979 na machafuko yaliyofuata, watu wengi wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan ya kusini. Huko Yei aliwakuta Bibi Barbara Harrell-Bond, aliyeanzisha mwaka 1982 kituo cha masomo ya wakimbizi katika Chuo Kikuu cha Oxford, na aliyefariki mwaka 2018. Kitabu chake cha mwaka 1986 kilieleza kwamba Waganda wengi hawakupenda kuingia katika makazi ya msaada. Walikaa vijijini kwa wenyeji, wakilima kwa vibarua, na waliingia makazini nguvu zilipowaishia au usalama ulipopotea. Miongoni mwa wenyeji waliowapokea walikuwamo Wasudani ambao wao wenyewe waliishi Uganda kama wakimbizi kabla ya amani ya mwaka 1972. Deni lililipwa bila hati.

Tunalo pia somo chungu. Wanyarwanda waliokimbilia kwetu tangu mwaka 1959 walikaa Nakivale, Oruchinga na kwingineko. Mwezi Oktoba 1982 maelfu ya watu wa asili ya Rwanda katika Ankole walifukuzwa majumbani mwao, wakiwamo walioishi hapa kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1990 watoto wa wakimbizi wale walirudi Rwanda wakiwa na silaha mikononi. Askari aweza kuelewa upesi kuliko mtu mwingine yeyote maana ya tukio hilo: ukimbizi usiopatiwa mwisho wa amani hujitafutia mwisho wake wenyewe.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 ilifuata njia nyingine. Mkimbizi aruhusiwa kufanya kazi na kutembea, na makazini hupewa kipande cha ardhi. Uganda leo ina wakimbizi zaidi ya milioni moja, na nchi nyingi hutaka kujifunza kwetu. Lakini ushahidi wa Mishamo watuonya tusidhani kwamba kipande cha ardhi chatosha, wala tusipime kazi yetu kwa miaka miwili.

YATUPASAYO KAZINI NA NYUMBANI

Kwanza, karatasi ni kitu kikubwa. Mtu asiye na hati hujificha, na ajifichaye hawezi kuwa shahidi wa polisi, hawezi kushtaki akiibiwa, wala hawezi kumfichua mhalifu aliyejichanganya nao. Askari amwandikaye mkimbizi jina lake sawasawa, na mahali alikozaliwa mtoto wake, anafanya kazi ya ulinzi.

Pili, tuwaangalie akina mama. Jirani akikaribishwa katika kikundi cha ushonaji, cha kuweka akiba au cha kusoma, atajifunza lugha akiwa na mtoto wake mapajani. Mwaka wa kwanza ataonekana hajambo bila lugha. Mwaka wa kumi ndipo atakapojulikana aliyeachwa nyuma.

Tatu, tusichoke mapema. Jirani aliyefika na tabasamu aweza kunyamaza na kujifungia mlango mwaka unapokaribia kwisha. Si kiburi wala ukosefu wa shukrani. Huo ndio wakati wa kugonga mlango na kupeleka kikombe cha chai.

Nne, tusaidie bila kudai moyo wa mtu. Tusimwulize kila siku habari za vita alivyovikimbia, wala tusimtake aache dini au lugha yake ili tumkubali. Akitaka kusimulia, tumsikilize.

Tano, tuwaangalie watoto wetu shuleni. Wao ndio watakaoamua kama mtoto wa mkimbizi atalitaja jina lake kwa sauti au atalificha kama vijana wa cherehani wa Dar es Salaam.

Mgeni apewe jembe siku ya tatu, ndivyo ilivyo. Uchunguzi wa miaka hii yote waongeza jambo moja: ampaye mgeni jembe ampe pia neno la hakika juu ya shamba, ili ajue kama apande mahindi ya msimu mmoja au apande mwembe. Watu wa Mishamo walilingoja neno hilo kwa miaka 42.